Jeki Imeingia, Sauti Haitoki: Kutafuta Hitilafu Kwenye Plagi za Mitambo ya Muziki

Chukua jeki kubwa ya gitaa, ile ya milimita 6.35. Unene huo ni robo inchi kamili, na ndio unene waliokuwa wakiushika wanawake waliounganisha simu kwa mkono huko Marekani karne ya 19. Kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, Connecticut, Januari 1878. Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric alibuni swichi ya kituo iliyofunguka na kujifunga kama kisu cha kukunja, kisu ambacho Wamarekani hukiita jackknife, na jina la jeki likatokana na hapo. Leo unaichomeka kwenye miksa ya kanisani au ukumbi wa harusi, na kwa umbo karibu hakuna kilichobadilika.

Wateja huniuliza kwa nini wahandisi hawajaja na kitu kipya. Jibu langu ni kwamba plagi ni maafikiano kabla haijawa kipande cha chuma. Mtengenezaji akibadilisha tundu la miksa peke yake, amekata undugu na kila gitaa, kila kinanda na kila waya uliomo kwenye mikoba ya mafundi. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata undugu huo. Basi kila hitaji jipya lilipokuja, kama sauti ya pande mbili, maiki ndani ya hedifoni au umeme wa kulisha maiki, watu walilipenyeza ndani ya plagi ileile ya zamani. Ndiyo maana tundu moja sasa linabeba maafikiano manne au matano tofauti, na yote yanaingia bila kukataa.

Kwa hiyo kwenye kila dalili iliyo hapa chini jiulize maswali mawili. Je, chuma kimechoka? Au vifaa viwili vimeingiana kwa umbo huku kwa umeme havielewani? Fundi asiyejiuliza swali la pili atabadilisha nyaya mpya siku nzima na hitilafu itabaki palepale.

Kabla hujafungua chochote

Shusha sauti ya chaneli hadi sifuri kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha sikiliza. Kuwa na waya mmoja wa kila aina ambao unajua kwa hakika ni mzima, uufunge utepe wa rangi, na usimwazime mtu. Mita ya kawaida yenye mlio inatosha. Hata ya bei nafuu.

Jifunze pia kuhesabu mistari myeusi kwenye jeki. Mstari mmoja unamaanisha sehemu mbili za chuma, ncha na shina. Mistari miwili inaongeza pete katikati. Mistari mitatu ina pete mbili, na hiyo ni ya simu. Nusu ya matatizo yaliyomo humu yanaonekana kwa macho kwa kuhesabu mistari hiyo tu.

Ala zinasikika, mwimbaji hayupo

Hii ndiyo dalili niliyoitiwa mara nyingi kuliko nyingine zote. Maharusi wako mlangoni, simu imechomekwa kwenye miksa, wimbo unaanza: vinanda vinaelea kwa mbali, mwangwi wa mwimbaji unasikika kama ametoka kisimani, lakini mwimbaji mwenyewe na besi hawapo. Watu husema wimbo umeharibika, wanaupakua upya. Wimbo hauna kosa.

Simu hutoa sauti mbili. Ya kushoto iko kwenye ncha, ya kulia kwenye pete, na shina ni ethi, yaani njia ya kurudi umeme, ya zote mbili. Mpangilio huu ulienea duniani kupitia Walkman ya Sony iliyotoka 1979, ikiwa na jeki ndogo ya milimita 3.5. Sasa tazama upande wa miksa. Tundu lake kubwa la chaneli nalo linapokea jeki ya mistari miwili, lakini kwake pete ina maana nyingine kabisa. Miksa inatarajia sauti moja iliyoletwa mara mbili: kwenye ncha ikiwa ya kawaida, kwenye pete ikiwa imegeuzwa juu chini. Yenyewe huondoa kilichomo kwenye pete kutoka kwenye kilichomo kwenye ncha. Kelele zilizookotwa njiani ziko sawa kwenye nyaya zote mbili, kwa hiyo zinajifuta, na sauti halisi inabaki. Hii ndiyo laini ya balansi, na ni ufundi mzuri sana kwa waya mrefu.

Ukiipa simu kwenye tundu hilo, miksa inaondoa kulia kutoka kushoto bila kujua. Mwimbaji, besi na ngoma kubwa huwa wamewekwa katikati wakati wa kurekodi, yaani wako sawasawa pande zote mbili. Wanafutika kama kelele. Kinachobaki ni vile tu vinavyotofautiana kati ya kushoto na kulia.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kufungua kitu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ufikivu (Accessibility), washa sauti ya mono. Kama wimbo wote ukanyamaza au ukabaki mnong'ono, umepata jibu: sasa pande zote mbili ziko sawa kabisa na miksa inafuta kila kitu. Ukisogeza mizani yote upande wa kushoto, mwimbaji atarudi. Kwa dharura unaweza kuendesha shughuli hivyo, ingawa vyombo vya upande wa kulia utavipoteza.

Dawa ya kudumu ni waya wa matawi mawili: upande mmoja jeki ndogo ya mistari miwili, upande wa pili jeki kubwa mbili za mstari mmoja mmoja, kila moja kwenye chaneli yake. Miksa nyingi pia zina matundu mawili ya RCA, yale ya rangi nyekundu na nyeupe, yaliyowekwa kwa ajili ya kaseti au sidii. Hayo hayana balansi, kwa hiyo simu inakaa hapo kwa amani. Usizifunge nyaya za kushoto na kulia pamoja moja kwa moja ili upate tawi moja, kwa sababu saketi mbili za simu zitaanza kusukumana. Ukilazimika, weka resista ya ohmu 470 hadi 1,000 kwenye kila waya kabla ya kuziunganisha.

Wapo wanaovuta jeki nusu ya njia hadi mwimbaji arudi. Naomba muiache tabia hiyo. Anayepita akigusa meza, sauti inakatika mbele ya wageni, na vipande vya ndani vya tundu vinapindwa kila siku mpaka vinashindwa kushika jeki hata ikiingia yote.

Dalili hiyohiyo ina sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni chuma kilichochoka: waya wa shina umekatika. Ethi isipokuwepo, mkondo wa kushoto unalazimika kurudi kupitia wa kulia, na matokeo yake masikioni ni yaleyale ya kufutana. Hapa hedifoni zitafanya hivyo hata zikichomekwa kwenye redio ya kawaida, na mita ikiwekwa shina kwa shina haitalia.

Sababu ya pili ni jeki za mistari mitatu. Maiki ilipoongezwa kwenye hedifoni za simu, kampuni hazikukubaliana mapema ni sehemu gani iwe ethi na ipi iwe maiki. Mpangilio mmoja, uitwao OMTP, ulitumika kwenye simu za Nokia za zamani; mwingine, CTIA, ndio uliotawala baadaye. Huo wa pili umebadilishana tu nafasi za pete ya pili na shina, lakini ukichanganya kifaa cha huku na cha kule mwimbaji anatoweka. Bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu kwenye waya. Kama sauti inarudi nzima ukiwa umekishikilia, basi umeshika hedifoni ya mpangilio mwingine. Kuna adapta fupi inayogeuza nafasi hizo.

Mvumo usiokoma

Tofautisha kwanza sauti mbili. Mvumo mzito wa "mmm" ni umeme wa nyumba, hezi 50 au mara mbili yake. Mkwaruzo mkali wa "zzz" mara nyingi hutoka kwenye chaja, taa za kupunguzwa mwanga au umeme wa jenereta usio safi. Huo wa pili suluhisho lake ni kutenga plagi za taa na plagi za muziki.

Kwa mvumo mzito, shusha chaneli moja moja. Ukipata inayovuma, pima kwa hatua hizi. Chomoa waya kwenye kifaa na uache upande wa miksa ukiwa umechomekwa. Mvumo ukizidi, waya hauna wavu wa kinga, zile nyuzi zinazouzunguka waya wa ndani, au wavu umekatika kwenye lehemu. Ukiisha kabisa, tatizo linatoka kwenye kifaa, na swali linalofuata ni kama kifaa hicho kina njia yake ya ethi.

Kompyuta ya mapajani ni mfano unaojirudia. Ikiwa kwenye betri, kimya. Ukichomeka chaja, mvumo unaingia. Hapo hakuna kilichoharibika: kompyuta imeunganishwa na ethi kupitia chaja, miksa imeunganishwa na ethi kupitia plagi yake, na waya wa sauti umefunga mzunguko kati ya ethi hizo mbili. Mkondo mdogo unaozunguka humo ndio unaousikia. Hatua ya kwanza haina gharama: chomeka miksa, kompyuta na kinanda kwenye ekstensheni moja, kutoka soketi moja ya ukutani. Mara nyingi inatosha. Ikishindikana, tumia kisanduku cha DI, kile kidogo kinachokaa kati ya kifaa na miksa, chenye transfoma, kwa sababu transfoma hupitisha sauti kwa sumaku bila waya wa upande mmoja kugusa wa mwingine, na kwenye kisanduku kuna swichi ya kukata ethi ya sauti.

Sasa nisikilize vizuri. Usikate pini ya ethi ya plagi ya umeme. Mvumo utaisha, ni kweli, na ndiyo maana tabia hiyo haifi. Plagi yetu ya pini tatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, ni ya kiwango cha Uingereza cha BS 1363 cha mwaka 1947. Pini ya ethi ni ndefu makusudi: inaingia kwanza, inafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, na inatoka ya mwisho. Tundu la pini hiyo ndilo watu huchomeka kalamu ili kuingiza chaja ya pini mbili. Plagi hii haijabadilika kwa miongo mingi kwa sababu ulinzi wake uko kwenye umbo lenyewe. Ukiikata pini hiyo, boksi la amplifaya likipata hitilafu ndani linabaki na umeme, umeme unafuata wavu wa waya hadi kwenye maiki, na mwimbaji aliyeshika gitaa kwa mkono huku midomo ikigusa wavu wa maiki ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Kama mtu amewahi kuonja mshtuko kwenye maiki, hata mdogo, zima kila kitu na uangalie ethi ya jengo kabla ya kuendelea.

Kwa spika zenye amplifaya ndani, zilizounganishwa na miksa kwa laini ya balansi, unaruhusiwa kukata wavu wa waya wa sauti upande mmoja, kwa sababu nyaya mbili za ndani zinatosha kubeba sauti. Andika alama kubwa kwenye waya huo. Siku ukitumika kwa maiki inayohitaji umeme, hautafanya kazi na utapoteza saa nzima ukitafuta.

Kuna mvumo unaobaki hata waya ukiwa mzima na ethi zikiwa sawa. Mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alieleza kosa hili kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti: vifaa ambavyo pini namba 1 ya XLR, plagi ya maiki yenye pini tatu, imeunganishwa kwenye ubao wa saketi ndani, badala ya kuunganishwa kwanza na boksi la chuma. Kelele inayosafiri kwenye wavu inaingizwa moja kwa moja kwenye sauti. Dawa iko ndani ya kifaa, na fundi anayejua kusoma saketi anaweza kuihamisha.

Mlipuko wa mvumo kila unapochomeka RCA

Pini za RCA, zile za rangi nyekundu na nyeupe, zilitoka kwa Radio Corporation of America miaka ya 1930, zikiwa njia rahisi ya kuunganisha vipande vya seti ya redio na gramafoni. Kasoro yake inajulikana: pini ya kati, inayobeba sauti, inagusa kabla ya ganda la nje ambalo ni ethi. Kwa kitambo kidogo kifaa kinasikiliza waya usio na ethi, na spika zinanguruma. Hakuna cha kutengeneza hapa. Shusha sauti, chomeka, pandisha. Ganda likilegea, libane taratibu kwa vidole au koleo lenye kitambaa, kidogo tu, maana ukizidisha utalivunja au utang'oa tundu la upande wa pili.

Plagi mbaya kiasi hiki imedumu zaidi ya miaka 80 kwa sababu ni rahisi kutengeneza na kila sebule ilikuwa nayo. Naona ni mfano mzuri wa jinsi wingi unavyoweza kushinda ubora.

Mikwaruzo waya ukitikiswa

Hapa chuma kimechoka. Shika waya, anza upande wa miksa, kunja kidogo kidogo ukisikiliza. Karibu kila mara utaipata sehemu iliyovunjika ndani ya sentimita tano kutoka kwenye plagi, pale waya unapopinda kila siku. Kata nje ya hapo, sentimita sita au saba, usijaribu kuokoa kipande hicho.

Kabla ya kulehemu, pitisha gamba la jeki na ile plastiki yake kwenye waya. Kila fundi ameshawahi kulehemu vizuri kisha akaona gamba liko mezani. Pasha moto chuma cha jeki kwanza, ndipo ulete lehemu. Ikitandaa na kung'aa imeshika, ikibaki tone lenye rangi ya majivu haijashika na itakusumbua baada ya wiki. Bana kishikio cha waya kwenye gamba la nje la mpira ili mvuto usiende kwenye lehemu. Mita ilie ncha kwa ncha, pete kwa pete, shina kwa shina, na isilie kabisa ncha kwa shina.

Nataka kusema jambo juu ya uimara wa jeki hii. Inafunguka kwa mkono, bila bisibisi. Ndani kuna vipande viwili au vitatu vikubwa ambavyo hata macho ya mzee yanaviona. Mtu wa Mwanza au wa Lamu anaitengeneza kwa chuma cha moto na lehemu ya mia chache, na shughuli inaendelea. Sidhani kama wahandisi wanaotaka kuileta plagi mpya huliweka hili kwenye hesabu. Zile zilizofungwa kwa plastiki ya kuyeyushwa, zikikatika, unakata na kutupa.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Jeki iliyoachwa ukumbini ufukweni inapata ukungu mweusi au kutu ya kijani, na mikwaruzo inakuja bila waya kuguswa. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ingiza na toa mara kumi ili tundu nalo lijisugue. Msasa usiutumie; unaondoa utando wa nikeli na kuacha shaba nyeupe wazi, kisha kutu inarudi kwa kasi zaidi. Mafuta ya kupikia nayo huvuta vumbi. Jeki za rangi ya dhahabu hazishiki kutu upesi, na kwa ukumbi wa ufukweni zinafaa kwa hilo. Anayekuambia zinafanya muziki uwe mtamu zaidi, mwache auze.

Spika hazitoi sauti mpaka uchomeke na kuchomoa hedifoni

Matundu mengi ya jeki yana swichi ndani. Jeki ikiingia inasukuma kipande cha chuma kando na kukata spika. Ikitoka, kipande kinarudi. Ni urithi wa moja kwa moja kutoka ubao wa simu wa akina Scribner, ambako kuchomeka jeki kulikuwa pia kuwasha au kukata mkondo. Kipande kikichafuka au kikipinda, kifaa kinaamini hedifoni bado zipo. Ingiza na toa jeki mara ishirini ukiwa umepuliza dawa ya kontakti kidogo. Kama kimepinda, fungua kifaa na ukirudishe kwa sindano.

Studio za zamani zenye vifaa vya utangazaji vya Uingereza zina jeki inayofanana na hii lakini ncha yake ni nyembamba, ya kiwango cha posta ya Uingereza. Zina kipenyo kimoja cha shina, kwa hiyo zinaingiana. Usizichanganye: ya gitaa inapanua vipande vya tundu, na baada ya hapo jeki halali ya tundu hilo haishiki tena.

Maiki ni hafifu, au maiki mbili pamoja zinadhoofishana

XLR, ile plagi ya pini tatu yenye kufuli, ilitoka kwa kampuni ya James Cannon aliyoianzisha Los Angeles mwaka 1915. Jina linafuata maendeleo yake: mfululizo wa X, ukaongezwa kufuli, kisha mpira kuzunguka matundu. Umbo hili lina akili nyingi. Pini namba 1, ya ethi, hugusa kwanza, kwa hiyo haingurumi kama RCA. Waya mmoja unaingia kwenye mkia wa mwingine, unaweza kurefusha bila adapta. Na upande wenye pini ndio sauti inakotoka, kwa hiyo hata gizani unajua uelekeo kwa kupapasa.

Maiki ikiwa hafifu, nyembamba, na ina mvumo kidogo, tuhumu waya wa pini 2 au 3 umekatika: laini ya balansi inatembea kwa mguu mmoja. Mita itakuonyesha baada ya sekunde kumi.

Maiki mbili zikiwa kila moja nzuri peke yake, lakini zikiwekwa karibu sauti inakuwa nyembamba, waya mmoja una pini 2 na 3 zilizobadilishwa. Mafundi wengi huzilehemu kinyume bila kujua. Kuna sababu ya kihistoria pia: kabla ya Audio Engineering Society kuweka kiwango mwaka 1992 kuwa pini 2 ndiyo ya sauti ya kawaida, vifaa vingi vya Marekani vilitumia pini 3. Ukikutana na amplifaya au miksa ya zamani ya mtumba, angalia maandishi ya nyuma yake kabla ya kulaumu waya. Kuipima ni rahisi: shika maiki mbili pamoja mbele ya kinywa, ongea, pandisha ya pili taratibu. Sauti ikinenepa, ziko sawa. Ikikonda, moja imegeuzwa.

Maiki ya kondensa ikiwa kimya kabisa, kumbuka inakula umeme wa volti 48 kupitia pini zilezile za sauti. Mpango huu ulifanywa na Neumann, watengenezaji wa maiki, mwaka 1966 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway, NRK, ambalo studio zake tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Badala ya kuunda plagi mpya waliupandisha umeme sawasawa kwenye pini 2 na 3, hivyo maiki za kawaida zilizounganishwa kwa balansi haziuoni. Washa swichi ya 48 kwenye miksa na upime mwisho wa waya: kati ya 1 na 2 upate karibu 48, na kati ya 1 na 3 vivyo hivyo. Ikikosekana moja, waya huo ndio uliokatika. Zikikosekana zote, ama pini 1 imekatika, ama ni waya uliokatwa wavu niliokuambia uuandike alama. Zima umeme huo na usubiri kidogo kabla ya kuchomoa maiki, na usiuwashe kwenye chaneli yenye adapta ya XLR kwenda jeki ya mstari mmoja.

Amplifaya inajizima ukichomeka spika

Spika za zamani hutumia jeki kubwa ileile ya gitaa. Jeki ikiwa njiani kuingia, ncha yake inapita kwenye kipande cha ethi na kwa sekunde hiyo unapiga shoti pale umeme wa amplifaya unapotokea. Kwa gitaa haina madhara. Kwa amplifaya ya wati mia kadhaa ni hatari. Zima kwanza, chomeka, kisha washa. Angalia pia waya wenyewe: wa gitaa una uzi mwembamba katikati ya wavu, ukiupa spika unapata moto na sauti inapungua. Gusa gamba baada ya dakika kumi za muziki. Likiwa na joto, ondoa.

Hapa ndipo plagi ya zamani ilipopata mrithi. Mwaka 1987 Neutrik wa Liechtenstein walileta Speakon, inayoingia na kuzungushwa hadi ijifunge, haina chuma kinachoguswa kwa mkono, na haipitii shoti inapoingia. Kumbi kubwa ziliikubali upesi kwa sababu jeki ilikuwa inaunguza fedha. Kwa upande wa simu, Apple waliondoa tundu la 3.5 kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengi wakafuata. Wengine wakatumia bluetooth kwenye miksa, lakini bluetooth ina ucheleweshaji, na kwaya inayoimba juu ya muziki uliorekodiwa inausikia mara moja. Bado naenda na waya.

Kila waya ni mzima na bado sauti inakatika

Basi angalia tundu lenyewe. Kwenye miksa na amplifaya za bei nafuu, matundu yamelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi bila nati ya kuyashika kwenye boksi. Kila anayekanyaga waya anavuta lehemu hizo. Chomeka jeki, isukume juu na chini bila kugusa waya. Sauti ikikatika, chomoa umeme, fungua kifaa na utazame chini ya tundu kwa kioo cha kukuzia: utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu mmoja wa lehemu. Pasha moto mguu huo, ongeza lehemu mpya, fanya hivyo kwa miguu yote ya tundu hilo na ya matundu jirani. Ukifunga, funga waya wa maiki kwenye mguu wa meza kwa utepe, ili siku ijayo atakayekanyaga waya avute meza.